Nusu Saa ya Kitanda cha Tatu

Fomu ziliisha saa kumi na mbili na nusu jioni, saa ambayo kila kitu katika wodi ile kilikuwa na mazoea ya kuisha: glavu, pamba, maji ya bomba, na subira ya mkunga.

Mkunga mwenyewe waliomzoea walimwita Bi Nukta. Jina hilo lilitokana na chati. Kila mama anayeingia na uchungu hufunguliwa chati yake, karatasi moja yenye visanduku vidogo kama daftari la hesabu, na kila nusu saa mkunga anatakiwa ainame juu ya tumbo, asikilize moyo wa mtoto kwa dakika nzima, ahesabu, kisha atie nukta. Nukta ikikaa kati ya mia na kumi na mia na sitini, mtoto hana neno. Ikishuka chini ya hapo, mtoto anaomba msaada kwa njia pekee anayoijua. Na kwa mtoto anayekosa hewa, nusu saa ni ndefu kuliko maisha yake yote.

Nukta za Bi Nukta zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mno. Zilienda sambamba kama shanga kwenye uzi, na mkaguzi mmoja aliyepita siku moja na koti lake zito alizipenda hadi akaagiza chati moja itiwe kwenye fremu, itundikwe ukutani, wengine waige. Ilitundikwa juu ya meza ya wauguzi. Kila akiinua kichwa, Bi Nukta alikuwa anaiona.

Jioni hiyo alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo. Mwenzake alipiga simu saa nane mchana: mtoto ana homa, nishikie mpaka saa tano usiku, dada yangu, Mungu atakulipa. Bi Nukta alimshikia. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vimekataa, kwa hiyo akawa anazunguka wodini na kandambili za bafuni, chwa, chwa, chwa, kama mtu aliyepotea akielekea kuoga.

Bahati nzuri mzazi alikuwa mmoja tu, fundi cherehani, mimba yake ya kwanza. Alikuwa kitanda cha kwanza, karibu na mlango. Alikuja mchana njia imefunguka sentimita nne, sasa alikuwa na saba, na kila uchungu ulipopanda alikuwa anataja majina ya wateja wake wote waliowahi kumsumbua, mmoja baada ya mwingine, na aliyowatakia hayasemeki mbele ya watu. Mama mkwe wake alikaa kwenye benchi la ukumbini, begi mapajani, akilinda heshima ya ukoo.

"Huyu anapiga kelele sana," mama mkwe alimwambia Mama Deki, mfagiaji, aliyekuwa anapitisha tambara lake chini ya benchi. "Mimi nimezaa sita, jirani hakusikia hata mmoja."

"Basi jirani yako alikuwa kiziwi, mama. Inua miguu."

"Nakwambia ukweli."

"Na mimi nakwambia inua miguu."

Bi Nukta aliwapita akicheka kwa pua. Alikuwa ametoka kumsikiliza mtoto wa fundi saa kumi na mbili kamili. Mia na arobaini na nne, moyo safi. Sasa ile karatasi yenyewe ilikuwa imelowa maji ya chupa ya uzazi iliyopasuka, alihitaji nyingine, na nyingine hazikuwepo ila stoo.

Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi, chumba chembamba kilichojaa mafaili ya miaka. Taa yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Mwanga wa jioni uliingia kwa kidirisha cha juu, mwekundu, mchovu, ukagota kwenye rafu. Alipanda juu ya ndoo, akanyoosha mkono kwenye boksi la fomu.

Ndipo akaisikia ile harufu.

Maji ya uzazi. Mkunga huijua hata usingizini: tamu kidogo, nzito kidogo, yenye uvuguvugu. Tena haya hayakuwa maji safi. Kulikuwa na kitu kibichi ndani yake, harufu ya mtoto aliyejisaidia tumboni kwa kukosa hewa.

Katika chumba cha karatasi.

Alinusa mkono wake, akanusa bega la gauni lake. Baada ya saa kumi na tatu kazini mtu haulizi tena harufu inatoka wapi. Inatoka kwake. Akachukua furushi la fomu, akashuka kwenye ndoo.

Nje ya mlango, mtu alipita.

Chap... chap... chap...

Miguu mitupu, iliyolowa, kwenye sakafu ya saruji. Haikuwa na haraka. Ilielekea wodini.

"Mama Deki?"

Mbali, mama mkwe alikuwa bado anahesabu uzazi wake wa kimyakimya.

Bi Nukta aliporudi wodini, pazia la kitanda cha tatu lilikuwa limefungwa.

Wodi ilikuwa na vitanda vitatu. Cha pili kilivunjika mguu na kilikuwa kimebeba maboksi. Cha tatu kilikuwa kizima kabisa, kule ndani karibu na dirisha la nyuma, na kwa miezi saba Bi Nukta alikuwa hajamlaza mtu pale. Akiulizwa, husema pana upepo.

Alivuta pazia. Mwanamke alikuwa amelala chali, mikono juu ya tumbo kubwa, macho yanaangalia dari. Nywele zilimshika usoni kwa jasho. Hakuwa na mfuko, wala shuka, wala ndugu.

"Umeingia saa ngapi, mama?"

"Sasa hivi."

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe," mwanamke alinong'ona. "Njia naijua."

Kadi je? Hakuwa nayo. Uchungu ulianza lini? Zamani. Bi Nukta alihema. Wa aina hii alishawazoea, wanaofika mkono mtupu na kuuacha usumbufu wote kwa mwenye zamu. Wakunga si watu wa kukumbuka sura. Sura zote za uchungu hufanana. Alivaa glavu, akapima. Sentimita sita. Mwili ulikuwa baridi, lakini nani asiye na baridi akitembea na miguu mitupu jioni? Akachukua fetoskopu, ile tarumbeta fupi ya mti, upande mmoja tumboni, upande mmoja sikioni, akaangalia saa ya mkononi. Saa moja kamili.

Moyo ule ulipiga vizuri ajabu.

Haukukimbia, haukusita. Du, du, du, du, kama cherehani ya mtu anayejua kazi yake. Bi Nukta alihesabu dakika nzima, akaongeza nyingine bila sababu. Tangu alfajiri hakuna kitu kilichomtuliza namna ile. Mia na arobaini. Akakivuta kiti, akakaa. Magoti yalimshukuru.

Kitanda cha kwanza, fundi alikuwa amefika kwa mteja aliyekataa kulipia lesi ya gauni.

"Sista! Sista, unakuja?"

"Nakuja, mama. Pumua."

Alikuwa na chati mbili mapajani. Saa moja ilikuwa imefika na zamu ya kumsikiliza mtoto wa fundi ilikuwa hiyo. Lakini anayepiga kelele namna ile ana pumzi, na mtoto wake ana pumzi. Nusu saa nyingine haiui mtu. Kalamu ilikuwa mkononi tayari. Akatia nukta ya saa kumi na mbili na nusu, iliyompita akiwa stoo, na ya saa moja. Mia na arobaini na mbili. Kisha, maadamu kalamu iko hapo, akatia ya saa moja na nusu. Na ya saa mbili.

Huko kunaitwa kupika chati. Wote wamewahi kupika, na wote huapa hawajawahi.

Yeye aliwahi kuapa kweli, miezi saba nyuma, na hicho kiapo kilidumu wiki sita.

Wakati huo wodi ilikuwa na wazazi watatu kwa mpigo, na yeye peke yake. Wawili walikuwa wanapiga kelele. Wa kitanda cha tatu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mtulivu, anasema ahsante kila akipewa maji. Watulivu huachwa mwisho. Bi Nukta alikaa mezani, chai inapoa, akamjazia mwalimu chati yake yote kwa mkupuo mmoja. Mapigo manane, nusu saa nane. Aliyatoa kichwani, akayapandisha kidogo na kuyashusha kidogo ili yafanane na kweli.

Mia na arobaini. Mia na thelathini na nane. Mia na arobaini na mbili. Mia na arobaini. Mia na arobaini na nne. Mia na thelathini na nane. Mia na arobaini. Mia na arobaini na mbili.

Mtoto alizaliwa kimya. Wa kike, kilo tatu na robo, hana kasoro hata ya ukucha. Kamati ya uchunguzi ilikaa, ikanywa chai, ikaipitisha ile chati mkono kwa mkono, ikasema kwa karatasi hii hakuna wa kulaumiwa. Unadhifu ulimwokoa. Mwalimu peke yake, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na boksi dogo mapajani, aliomba aione. Aliitazama muda mrefu.

"Mimi ni mwalimu," alisema, taratibu, bila kuinua sauti. "Daftari lililojazwa kwa mkupuo mmoja nalijua. Wino mmoja, mkandamizo mmoja." Kisha akauliza, "Mwanangu ulimsikiliza saa ngapi?"

Bi Nukta alimwonyesha visanduku.

Na wiki iliyofuata mkaguzi alikuja, akachagua chati ya kutia kwenye fremu. Alichagua ile ile.

Saa moja na nusu aliinamia tumbo la mgeni tena. Du, du, du. Mia na thelathini na nane. Alitaka kuinuka aende kwa fundi, hakika alitaka, lakini kiti kilimshika. Nyuma ya pazia palikuwa na ukimya wa aina yake, kama chumba kilichotandikwa. Kelele za fundi zilifika zimechujwa, kama redio ya jirani.

"Pumzika," mgeni alinong'ona. "Mtoto wangu hana shida. Wewe andika tu."

Akaandika.

Macho yalifumba. Yalipofumbuka ilikuwa saa mbili. Mia na arobaini na mbili. Du, du, du, tamu kama wimbo wa kulaza mtoto. Alisikia Mama Deki anaita kitu huko mlangoni, akajibu kitu, hakujua amejibu nini.

Harufu ilikuwa imerudi. Ile mbichi.

Saa mbili na nusu aliinua fetoskopu kwa mara ya nne. Kabla haijagusa ngozi, mgeni akasema:

"Mia na arobaini."

Bi Nukta alicheka, kile kicheko cha mtu asiyeelewa. Akasikiliza. Akahesabu dakika nzima, akatia nukta.

Mia na arobaini.

"Itakayofuata," mgeni aliendelea, macho hayajatoka darini, "mia na arobaini na nne. Halafu mia na thelathini na nane. Halafu..."

"Nyamaza."

"...halafu mia na arobaini..."

Hesabu hizo alizijua kama anavyojua namba yake ya simu. Hakuna moyo uliowahi kuzipiga. Zilizaliwa mezani, kando ya kikombe cha chai, kichwani mwa mtu aliyechoka. Na sasa zilikuwa zinapiga ndani ya tumbo, chini ya mkono wake.

Ndipo akaona gauni. Lilikuwa la kijani, lile la zamani, lililoondolewa wodini mwaka ulipoanza. Kifungo cha begani kilikosekana, na mahali pake palishikizwa kwa pini. Pini yenye kichwa chekundu. Aliitoa yeye mwenyewe kwenye beji yake, miezi saba iliyopita, akamfungia mwalimu, na mwalimu akasema ahsante.

Mgeni aligeuza kichwa polepole. Hakukuwa na hasira usoni. Kulikuwa na uchovu tu, ule ule wa Bi Nukta, kama wameugawana.

"Na yule wa kule," alinong'ona. "Umemsikiliza saa ngapi?"

Saa kumi na mbili.

Alimsikiliza saa kumi na mbili jioni. Saa mbili na nusu zilikuwa zimepita.

Alitoka nyuma ya pazia kwa kasi hadi kandambili moja ikabaki. Na ndipo akagundua jambo ambalo angepaswa kuligundua mapema.

Fundi alikuwa amenyamaza.

Alikuwa amelala chali, amekakamaa, ameuma kona ya mto, macho yamemtoka. Bi Nukta aliweka fetoskopu. Mwanzoni hakusikia kitu. Akaisogeza. Akaikandamiza. Halafu...

Du...

Du...

Du...

Alihesabu. Themanini na nne.

"Geuka kushoto! Mama, lala ubavu wa kushoto, sasa hivi! Mama Deki! Washa oksijeni! Piga simu gari la wagonjwa!"

"Gari limekwenda mbali tangu jioni!" Mama Deki alijibu, tayari anakimbia. "Nilikuja kukwambia ukaniambia sawa!"

Alipima. Sentimita kumi, kichwa kiko chini. Shuka lilipofunuliwa, maji yalikuwa ya kijani, mazito kama uji wa mgonjwa. Hapakuwa na daktari, wala gari, wala muda. Palikuwa na njia moja tu ya kumtoa mtoto yule, na ilikuwa ile ile aliyokusudiwa kupita.

"Sista, nisukume?" fundi alinong'ona. "Niliambiwa nisisukume mpaka uje."

"Nimekuja. Kidevu kifuani. Vuta pumzi, ishike, sukuma kama unajisaidia. Usitoe sauti, nguvu zote chini!"

Alisukuma. Uchungu ukapita. Du... du... du... Sabini na sita. Ukaja mwingine. Kichwa kilichungulia kikarudi, kikachungulia kikarudi, kama kinachobisha hodi kwenye nyumba ya watu wagumu. Mama mkwe alikuwa ameingia bila ruhusa, amemshika mkwewe mkono, na yule mwanamke aliyezaa sita bila jirani kusikia alikuwa anapiga kelele kwa niaba ya wote wawili.

"Sukuma, mwanangu! Sukuma, mama yangu!"

Bi Nukta alichukua mkasi, akaongeza njia. Uchungu mmoja tena. Kichwa kikatoka, cha buluu, na shingoni kitovu kimezunguka mara mbili, kimekaza. Kuingiza kidole, hakipiti. Akabana kwa koleo mbili, akakata katikati. Bega. Bega la pili. Mtoto akamwagika mikononi mwake.

Wa kike.

Kimya.

Alimfuta kwa kitambaa, akamsugua mgongo. Akamnyonya uchafu puani na mdomoni kwa kile kipira. Akambandika mfuko wa hewa usoni, akaminya. Moja, mbili, tatu, minya. Moja, mbili, tatu, minya. Nyuma ya pazia la kitanda cha tatu, mtu alikuwa anahesabu pamoja naye, kwa sauti ya chini, ya kuvumilia, kama anayefundisha watoto.

Moja... mbili... tatu...

"Tafadhali," alinong'ona Bi Nukta. Hakujua anamwomba nani.

Moja... mbili...

Mtoto alikunja uso. Akakohoa. Akafungua mdomo mdogo usio na jino, akalia kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa mlangoni.

Mama Deki alikaa chini sakafuni, kwenye maji na yote. Mama mkwe alilia hadi akapaliwa. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro robo.

Kazi ya mkunga haiishi mtoto akilia. Sindano ya kuzuia damu, pajani. Kusubiri. Kuvuta kitovu taratibu, mkono mwingine umeshikilia tumbo. Kondo la nyuma likatoka zima, akaligeuza, akalikagua kama anayetafuta ukurasa uliochanwa. Akashona alipokata. Mikono ilijua kazi. Yeye mwenyewe hakuwepo.

"Unashona vizuri?" fundi aliuliza, mtoto kifuani, sauti imemkauka. "Usiniachie mshono wa kupinda, mimi nina jina mjini."

"Mzuri kuliko wako."

Fundi alitabasamu kidogo. "Na yule mama wa nyuma ya pazia, mwambie ahsante. Ulipochelewa ndiye alikuwa ananisemesha. Ndiye aliyeniambia ning'ate mto, nisubiri. Anasema utakuja, safari hii utakuja."

Mama Deki aliinua kichwa. "Mama gani? Huko nyuma nimedeki mara mbili jioni hii. Ulikuwa umekaa peke yako, Bi Nukta, umeinamia kitanda kitupu na hilo dubwana lako sikioni. Nikasema mchovu, mwache."

Bi Nukta alivua glavu, akanawa mikono. Akaenda akalivuta pazia.

Kitanda kilikuwa kitupu. Plastiki ya godoro ilikuwa kavu, haina hata kunyanzi. Juu ya kiti ilikuwepo chati, haina jina, na nukta nne kwa mwandiko wake.

"Mama Deki," alisema bila kugeuka. "Yule mwalimu wa hapa. Ulisikia yuko wapi?"

"Yule wa boksi? Mmoja anasema amehama, mwingine anasema wamemzika." Mama Deki alikamua tambara lake. "Mimi sikuuliza zaidi. Mtu ukishajua, inakubidi ufanye kitu."

Ilikuwa saa tatu. Bi Nukta alisimama pale na mguu mmoja mtupu. Mtu mwenye akili zake angezima taa akaondoka, na yeye alikuwa na akili zake, na shahada juu yake. Aliichukua fetoskopu, akaweka upande mmoja juu ya godoro, katikati, pale ambapo tumbo lingekuwa. Akainama.

Du, du, du, du.

Alihesabu. Mia na arobaini na nne.

Akatia nukta.

Saa tatu na nusu: mia na thelathini na nane. Saa nne: mia na arobaini. Katikati alikwenda kwa fundi, akampima presha, akamsikiliza mtoto wake wa kike, kwa sikio, kwa dakika nzima, na kuandika alichosikia. Kisha akarudi kwenye kiti. Saa nne na nusu: mia na arobaini na mbili.

Hiyo ilikuwa ya nane. Ile kamba ya uongo aliyoisuka siku ile ilikuwa imefika mwisho. Baada ya hapo, kwenye chati iliyoko ukutani, hakuna kitu ila mstari mmoja chini kabisa: amezaliwa, wa kike, hajalia.

Saa tano mwenzake aliingia, mkoba begani, anaomba radhi kuanzia mlangoni.

"Samahani dada yangu, homa imeshuka, nimekuja mbio. Nenda kalale, unatisha. Wangapi?"

"Wawili," alisema Bi Nukta.

"Namwona mmoja."

Saa ilikuwa imefika. Bi Nukta aliinama juu ya godoro kwa mara ya tisa, na safari hii hakuijua hesabu. Hakuna aliyeijua. Hakuna aliyekuwa amesikiliza.

Du... du... du...

Mia moja. Tisini na sita. Tisini na mbili... Ulikuwa unashuka chini ya sikio lake, taratibu, bila fujo, kama mtu anayeondoka kwenye mkutano bila kutaka kusumbua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa mwalimu. Muda ule yeye alikuwa anapuliza chai.

Alichukua kalamu, akatia nukta mahali pake hasa, chini ya mstari wa mia na kumi. Ilikuwa nukta mbaya, imepinda.

"Bi Nukta?" Mwenzake alikuwa amesimama paziani, mkoba umeteleza hadi kiwiko. "Unafanya nini?"

"Nisaidie."

"Nikusaidie nini? Hapo hapana mtu."

Bi Nukta alikuwa ameshaingiza mikono miwili chini ya godoro. Alilishika kwa upole, kama anayemshika mtu anayeumwa, akalisukuma hadi likageuka ubavu. Ubavu wa kushoto.

Kisha akapiga magoti sakafuni, akaweka sikio.